Zeus: Kiti cha Enzi Kilichopatikana kwa Mapinduzi

Orodha ya karani wa Pylos (karibu 1200 K.K.)

Katika siku za mwisho za ikulu ya Pylos, kusini-magharibi mwa Ugiriki, karani mmoja alishika bamba la udongo mbichi akaandika orodha ya sadaka. Mwandiko wake ni wa mtu mwenye haraka: hapa amefuta, pale ameacha nafasi tupu. Miungu waliotajwa walipangiwa vyombo vya dhahabu, na wengi wao wakapangiwa na mtu. Zeus alipata chombo kimoja na mwanamume mmoja, Hera chombo kimoja na mwanamke mmoja. Anayefuata ni Drimios, mwana wa Zeus, ambaye Wagiriki wa baadaye walimsahau kabisa. Wataalamu bado wanabishana kama watu hao walikuwa wa kubeba vyombo, wa kutumika mahali patakatifu, au wa kuchinjwa. Haukupita muda ikulu ikateketea, na moto ulioiangamiza ndio ulioukausha udongo ule ukadumu hadi leo.

Mwandiko wa aina hiyo haukusomeka mpaka mwaka 1952, Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza, alipotambua kwamba lugha iliyomo ni Kigiriki cha kale. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba Zeus aliabudiwa karne nyingi kabla ya mshairi Homer, ila kwa cheo ambacho wengi hawakukitarajia. Katika kumbukumbu za Pylos, mungu anayepokea vingi zaidi ni Poseidon. Zeus yumo, ana mke na mwana, lakini hakuna kinachoonyesha kwamba wengine wote wako chini yake.

Jina lake hata hivyo ni la kale kuliko Ugiriki. Ni ndugu wa Dyaus wa Wahindi wa enzi za Veda na Jupiter wa Warumi, na wote watatu waliitwa Baba Mbingu. Walivyoendelea ni habari nyingine. Kule India Dyaus alififia, na silaha ya radi ikashikwa na mungu mwingine, Indra. Huko Ugiriki baba wa mbingu aliichukua radi yeye mwenyewe, akawa mzee wa ukoo na mpiganaji kwa wakati mmoja. Nguvu yake ya baadaye ilianzia hapo, na hata matatizo yake.

Mkusanya mawingu (hadi karibu 700 K.K.)

Kabla ya kuwa mfalme, Zeus alikuwa mvua. Wakulima na wachungaji wa nchi ile ya mawe, yenye kiangazi kirefu, walimtafuta vileleni ambako mawingu hutanda kwanza. Kwenye mlima Lykaion, Arcadia, hapakuwa na hekalu wala sanamu kileleni. Palikuwa na lundo la majivu na mifupa iliyoungua, hasa ya mapaja ya kondoo na mbuzi, lililoendelea kukua tangu zama za Pylos na hata kabla yake. Msafiri Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 B.K., anaeleza kwamba ukame ukizidi, kuhani wa Zeus alikwenda kwenye chemchemi ya mlima huo, akaomba na kutoa sadaka, kisha akayagusa maji kwa tawi la mwaloni. Ukungu uliinuka, ukawa wingu, likavuta mawingu mengine, na mvua ikanyesha.

Wagiriki wenyewe walinong'ona kwamba kileleni pale palichinjwa watu. Mwaka 2016 wachimbaji walikuta katikati ya majivu hayo kaburi la kijana wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Namna alivyokufa haijajulikana, na si haki kuuthibitisha uvumi wa kale kwa mifupa ya mtu mmoja.

Mahali pengine pa zamani ni Dodona, kaskazini-magharibi. Huko Zeus alisema kupitia mwaloni mtakatifu, na Homer anawataja makuhani wake waliolala chini na kutoosha miguu. Waliokuja kuuliza waliandika maswali yao kwenye vipande vyembamba vya risasi, na maelfu ya vipande hivyo yamechimbuliwa. Usitarajie humo mambo makubwa ya dola tu. Watu waliuliza kama wafunge safari, kama waoe, kama fulani ndiye aliyeiba. Mwanamume mmoja, Lysanias, aliuliza kama mimba aliyobeba Annyla ni yake. Mungu aliyepiga milima kwa radi alikuwa pia wa kuulizwa mambo ya chumbani.

Mapinduzi mawili (karibu 700 K.K.)

Aliyempangia Zeus historia yake ni Hesiod, mkulima na mshairi wa kijiji cha Askra, Boeotia. Katika shairi lake kuhusu asili ya miungu, enzi ya mbinguni inahama mara mbili kwa ukatili kabla ya kutulia.

Mtawala wa kwanza ni Uranos, yaani Mbingu, aliyewazuia watoto wake wasitoke tumboni mwa mama yao, Ardhi. Mwanawe Kronos akamhasi kwa mundu na kukalia kiti. Lakini mwosha huoshwa. Kronos aliambiwa kwamba naye atapinduliwa na mwanawe, basi akawa anawameza watoto kila walipozaliwa: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon. Wa sita alipokaribia, mama yao Rhea alikwenda kumzalia Krete akamficha pangoni, kisha akampa mumewe jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Kronos akalimeza. Mtoto yule, Zeus, alipokua, baba alitapika vyote alivyomeza, jiwe likitangulia. Jiwe lenyewe lilionyeshwa Delphi, na Pausanias anasema lilipakwa mafuta kila siku.

Vita vya miungu wapya na Watitani, kizazi cha Kronos, vilichukua miaka kumi. Zeus hakushinda kwa misuli peke yake. Aliwafungua waliofungwa na watawala waliotangulia: majitu yenye jicho moja, yaliyomtengenezea radi, na majitu yenye mikono mia, yaliyorusha mawe. Kabla ya vita alitangaza kwamba atakayejiunga naye hatapoteza cheo chake, na aliyenyimwa cheo na Kronos atapewa. Ushindi ulipopatikana miungu wenyewe wakamwomba atawale, naye akawagawia madaraka. Hesiod anayakazia mno mambo hayo, na nadhani ndiyo kiini cha shairi zima: mpinduzi aliyefaulu ni yule aliyejenga muungano na kulipa madeni yake.

Hadithi hiyo haikuzaliwa Ugiriki peke yake. Katika magofu ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika Uturuki ya leo, yalipatikana mabamba ya karne nyingi kabla ya Hesiod yanayosimulia jinsi Kumarbi alivyomng'ata Anu, mungu wa mbingu, sehemu zake za siri akazimeza, kisha akajikuta amebeba mimba ya Teshub, mungu wa dhoruba, atakayemng'oa. Mbingu inahasiwa, anayemeza anashindwa, mwenye dhoruba anatawala. Mfuatano ni uleule. Mabaharia, mafundi na wasimulizi walipita kati ya Mashariki ya Karibu na visiwa vya Ugiriki kwa karne nyingi, na hadithi zilisafiri pamoja nao.

Ila Wagiriki waliongeza jambo lao. Zeus naye alitabiriwa kupinduliwa: mkewe wa kwanza, Metis, ambaye ni Busara, angemzaa mwana mwenye nguvu kuliko baba. Uranos alizuia watoto, Kronos alimeza watoto. Zeus alimmeza mama mwenyewe, angali mjamzito. Athena akatokea kichwani mwa baba yake, amevaa silaha, akawa binti mtiifu kwake. Yule mwana hakuzaliwa kamwe. Halafu Zeus akamwoa Themis, mungu wa sheria, akazaa naye Utaratibu, Haki na Amani. Aliyeingia kwa nguvu akaoa katika nyumba ya sheria. Katika shairi lake la pili, kuhusu kazi na siku, Hesiod analalamika juu ya mabwana wala rushwa waliokuwa wakiamua kesi, akawaonya kwamba Zeus ana walinzi elfu thelathini wasioonekana, na kwamba Haki humshtakia baba yake. Mkulima mnyonge alikuwa amempata mungu wa kumkatia rufaa.

Mfalme mwenye mipaka

Zeus wa Homer ni mkubwa wa nyumba iliyojaa ugomvi. Katika *Iliad* anajigamba kwamba miungu wote wakivuta mnyororo wa dhahabu kutoka chini, yeye atawavuta juu pamoja na nchi na bahari. Akikubali jambo kwa kichwa, Olympus inatikisika. Lakini Hera anamlaghai kwa mapenzi mpaka analala usingizi vita vikiendelea, na Poseidon anamkumbusha kwamba wao watatu waligawana ulimwengu kwa kura: Zeus mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu, huku ardhi na Olympus vikibaki vya wote. Mwanzoni mwa shairi hawezi hata kupokea maombi ya Thetis, mungu wa kike wa bahari, kwa wakati, kwa kuwa amekwenda na miungu wote karamuni kwa Waethiopia, ukingoni mwa dunia, na atarudi siku ya kumi na mbili.

Kipimo kikali cha enzi yake ni kifo cha Sarpedon, mwanawe aliyezaa na binadamu. Zeus anataka kumwokoa. Hera anamjibu kwamba anaweza, ila miungu wengine hawataridhika, na kila mmoja atataka kumwokoa wake. Zeus anamwacha mwanawe afe, akanyesha matone ya damu. Anaonekana hapo mtawala anayejua kwamba akivunja kanuni mara moja hatakuwa na cha kuwazuia wengine.

Na hao wanawake wengi? Wasomaji wa leo hucheka au hukasirika, na waandishi wa kale nao walifanya vivyo hivyo. Sababu yake kubwa ni ya kisiasa. Ugiriki ilikuwa na mamia ya miji, na kila mji au ukoo ulitaka shina lake lifike mbinguni. Argos ilimtaja Perseus, Krete Minos, Aegina Aiakos, Arcadia Arkas, na wafalme wa Sparta walijihesabu kizazi cha Herakles. Wote hao baba yao ni Zeus. Kila mji ulipotia nasaba yake kwenye hazina ya pamoja, mungu mmoja alirundikiwa wake na mahawara ambao hakuna mji mmoja uliowahi kumpa peke yake.

Uani, ghalani na mahakamani

Mashairi yanampa Zeus radi. Maisha ya kila siku yalimpa kazi nyingine. Uani mwa nyumba palikuwa na madhabahu ya Zeus Herkeios, mlinzi wa boma. Ghalani alikaa Zeus Ktesios, mlinzi wa mali, ambaye mara nyingine alichorwa kama nyoka. Aliyeapa alimwapia Zeus Horkios. Huko Athens, mtu aliyeteuliwa kuwa mmoja wa mahakimu wakuu aliulizwa, pamoja na majina ya wazazi wake, kama anaye Zeus Herkeios na madhabahu yake iko wapi. Swali hilo lilipima uraia: asiye na boma wala ukoo hakuwa na pa kumwabudia.

Aliyekuwa nje ya boma lolote naye alikuwa na wa kwake, Zeus Xenios, mlinzi wa wageni. Bila yeye, nchi yenye miji mingi iliyohasimiana isingepitika. Mfanyabiashara au mkimbizi aligonga mlango wa asiyemjua, akalishwa kwanza ndipo akaulizwa jina. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wagiriki waliongeza tishio la radi kwa mwenyeji mbaya, na pia kwa mgeni mbaya. Vita vya Troy vinaanza na Paris kumtorosha mke wa mtu aliyemkaribisha, na kwa sababu hiyo kuanguka kwa mji ule kulihesabiwa kuwa hukumu ya Zeus.

Kulikuwa na ibada za ajabu pia. Kila mwaka juu ya Akropoli ya Athens, ng'ombe dume aliyekula nafaka iliyowekwa madhabahuni pa Zeus aliuawa kwa shoka. Aliyempiga alilitupa shoka akakimbia, na shoka ndilo lililoshtakiwa.

Olympia (776 hadi 332 K.K.)

Mapokeo yanaweka mwanzo wa michezo ya Olympia mwaka 776 K.K. Kila baada ya miaka minne wajumbe walizunguka kutangaza amani ya muda ili wachezaji na watazamaji wapite salama. Siku ya sadaka kubwa walichinjwa ng'ombe mia, na madhabahu yenyewe ilikuwa lundo la majivu ya sadaka za miaka yote, ambalo Pausanias alilikuta na kimo cha futi 22.

Olympia haikuwa ya mji mkubwa wowote, na kwa hiyo Zeus aliweza kuwa wa Wagiriki wote. Athena alikuwa na Athens, Hera alikuwa na Argos. Zeus hakuwa mali ya mji mmoja. Kati ya mwaka 470 na 457 K.K. hivi, Libon wa Elis alimjengea hekalu, na kiasi cha miaka ishirini baadaye akaitwa Pheidias, mchongaji aliyekwisha kuutengenezea mji wa Athens sanamu ya Athena. Alimketisha Zeus kwenye kiti cha dhahabu, mpingo na pembe za ndovu, kimo chake kama mita 12, ameshika Ushindi katika mkono wa kulia. Kichwa kilikaribia dari, na mwanajiografia Strabo alitania kwamba mungu huyo akisimama atang'oa paa. Katika miaka ya 1950 wachimbaji walifukua karakana, wakakuta humo mabaki ya pembe, vipande vya kalibu na kikombe kidogo cha udongo kilichochorwa jina la Pheidias, mwenye mali.

Sanamu hiyo ilibadilisha sura ya mungu. Radi haimo mkononi. Aliyeketi pale hana tena wa kupigana naye. Wageni waliotoka Sicily hadi Bahari Nyeusi walirudi makwao na sura hiyo kichwani, na wachongaji wakaiga kwa karne nyingi.

Ndani ya ukumbi wa baraza palikuwa na Zeus mwingine, mwenye radi katika kila mkono, na mbele yake wachezaji, baba zao na walimu wao waliapa juu ya vipande vya nyama ya nguruwe kwamba hawatadanganya. Walidanganya. Mwaka 388 K.K. Eupolus wa Thessaly aliwahonga wapinzani wake watatu wa masumbwi. Faini zao zilinunua sanamu sita za shaba za Zeus, zikasimamishwa njiani kuelekea uwanjani ili kila mchezaji azipite. Mwaka 332 K.K. Kallippos wa Athens alihonga katika mashindano ya michezo mitano, na mji wake ukagoma kulipa mpaka hekalu la uaguzi la Delphi lilipokataa kuwatabiria chochote.

Wenye mashaka (karne ya 6 hadi ya 3 K.K.)

Mungu aliyefanywa hakimu lazima naye apimwe kwa sheria. Mwanafalsafa Xenophanes alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema wazi kwamba washairi wamewabebesha miungu wizi, uzinzi na udanganyifu. Mwaka 423 K.K. mwandishi wa tamthilia Aristophanes aliwachekesha Waathene kwa mwanafalsafa Socrates wa jukwaani anayefundisha kwamba mvua ni kazi ya mawingu na ngurumo ni migongano yao. Kama Zeus huwapiga waapao uongo, anauliza, mbona waongo wanaojulikana wangali wazima, na radi inaanguka kwenye hekalu lake mwenyewe na kwenye mialoni? Watu walicheka. Mwaka 399 K.K. Socrates halisi alihukumiwa kifo, na moja ya mashtaka ni kutoitambua miungu ya mji. Plato anamweka katika siku hizohizo akizungumza na Euthyphro, anayemshtaki baba yake mzazi na kujitetea kwamba hata Zeus alimfunga baba yake. Ulikuwa mtego ambao Hesiod alikuwa ameutega bila kujua.

Majibu yalikwenda njia mbili. Karibu mwaka 300 K.K. Euhemerus aliandika kwamba Zeus alikuwa mfalme wa kawaida, akafa na kuzikwa Krete. Wakrete walikuwa wakionyesha kaburi hilo, na mshairi Callimachus akawaita waongo kwa sababu hiyo. Wanafalsafa wa Kistoa wakaenda upande wa pili: Cleanthes alimwimbia Zeus kama akili moja inayoendesha ulimwengu wote, ambayo miungu wengine ni majina yake tu. Kwa upande mmoja akawa maiti, kwa upande mwingine akakaribia kuwa Mungu pekee.

Zeus wa mataifa (331 K.K. hadi karne ya 2 B.K.)

Mwaka 331 K.K. Alexander Mkuu alivuka jangwa la Misri hadi chemchemi za Siwa, kwa Amun ambaye Wagiriki walimwita Zeus Ammon. Baada ya safari hiyo aliitwa mwana wa mungu, na sarafu zilizotolewa baada ya kifo chake zinamwonyesha na pembe za kondoo. Tangu hapo Zeus akawa chombo cha dola. Mfalme Antiochus wa Nne alianza upya mwaka 174 K.K. hekalu kubwa la Zeus la Athens, lililokuwa limeachwa tangu karne ya 6. Mwaka 167 K.K. akaliweka hekalu la Yerusalemu chini ya jina la Zeus wa Olympus, na Wayahudi wakaasi. Wasomaji wa vitabu vya Wamakabayo wanaujua mwendelezo.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuonyesha jinsi alivyokuwa hai vijijini. Sura ya 14 inasimulia watu wa Lystra waliomdhani Barnaba kuwa Zeus na Paulo kuwa Hermes, na kuhani akaleta ng'ombe na mashada. Hawakuwa wajinga: walifundishwa kwamba Zeus hutembea kama mgeni, na walikuwa wakitimiza wajibu wao. Katika sura ya 17, akiwa Athens, Paulo anatumia maneno ya mshairi Aratus kuhusu watu kuwa uzao wa Mungu. Aratus aliyatunga kumhusu Zeus.

Kaisari Hadrian alilimaliza hekalu la Athens mwaka 131 au 132 B.K., zaidi ya miaka 600 tangu msingi wake, akakubali kuitwa Mwolympia yeye mwenyewe.

Kuvuliwa cheo (391 B.K. na baada yake)

Sheria za Kaisari Theodosius za mwaka 391 na 392 zilipiga marufuku dhabihu na kufunga mahekalu. Michezo ilikoma karibu na wakati huo. Sanamu ya Pheidias, kwa mujibu wa waandishi wa Kibizanti, ilihamishiwa Constantinople katika jumba la mtu aliyeitwa Lausus, ikaungua kwenye moto wa mwaka 475. Matetemeko ya karne ya 6 yaliangusha nguzo za Olympia, mito ikazifunika kwa tope, na Wajerumani wakaanza kuzichimbua mwaka 1875.

Huko Athens, nguzo kumi na tano za hekalu la Zeus bado zimesimama. Ya kumi na sita iliangushwa na dhoruba mwaka 1852 na imeachwa imelala ilipoanguka. Januari 2007 kikundi kidogo cha Wagiriki wanaotaka kuirudisha dini ya kale kilikusanyika kati ya nguzo hizo kumwomba Zeus, bila kibali cha wizara ya utamaduni.